Anayesalimiwa Ng'ambo Zote Mbili

Anayefika Nyansiongo akitokea Keroka huiona chai kabla hajaona watu. Majani yamekatwa usawa mmoja kutoka ukingoni mwa barabara mpaka mgongoni mwa kilima, na katikati yake vichwa vya wachumaji huonekana, hupotea, huonekana tena. Harufu ya jani linalokaushwa kiwandani hukufuata hadi chumbani. Kila boma lina ng'ombe wa maziwa, na mashamba yenyewe ni mapana kuliko kule Kisii kwenyewe, ambako babu aligawia wana, wana wakagawia wajukuu, hadi shamba la mtu likawa ukanda mwembamba unaoteremka kutoka barabarani mpaka mtoni. Upana huu wa Borabu, eneo hili la Nyansiongo, una historia. Hapa palikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, yaliyokaa katikati ya Abagusii, yaani Wakisii, na Wakipsigis. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, yalinunuliwa, yakakatwa vipande, familia za Kisii zikahamia. Wazee wa Nyansiongo bado wanaikumbuka siku waliyofika na mizigo yao. Ni wenyeji kwelikweli, lakini mpaka uko karibu, na majirani wa ng'ambo nao wana kumbukumbu zao. Jambo hilo lina uzito kwa mtu anayetafuta wa kumpeleka mtoni.

Nami nilikwenda kutafuta wa kunipeleka mtoni. Nilitaka kuvua trauti katika mito inayotoka Msitu wa Mau, na kabla ya hapo nijaribu bahati katika Mto Kipsonoi unaopita Sotik, mwendo mfupi kutoka Nyansiongo. Sisemi uvuvi wa wavu wala wa dema. Nasema ule wa ufito mrefu na mshipi mzito unaorushwa hewani, mbele yake uzi usioonekana, na mwisho wa uzi ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Hauna chubwi, hauna mnyoo. Mtu husimama majini hadi magotini na kumdanganya samaki kwa unyoya wa jogoo.

Kwetu Shimoni, pwani ya kusini, nimekua nikiona wageni wakipandishwa mashua kwenda Mkondo wa Pemba kutafuta nduaro na sulisuli. Najua kwamba samaki hapatikani kwa mashua nzuri. Hupatikana kwa nahodha. Na nahodha kwetu hajulikani kwa sifa anazojipa gatini. Hujulikana kwa mama wa mabaharia, ambao humkubalia mmoja aondoke na watoto wao alfajiri na kumkatalia mwingine. Nilipokwea milima ya Kisii nilibeba kipimo hicho, ingawa sikujua mtoni kingefanyaje kazi.

Trauti si samaki wa asili yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, aliyekuwa na sifa ya kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti, wakatiwa Mto Gura katika milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata wale wa rangi za upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri. Huku magharibi, Wazungu wa mashamba ya chai walipandikiza samaki hao katika mito ya Itare na Kiptiget, inayotoka msituni ikiwa baridi na yenye hewa tele. Trauti hawezi joto. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Vitabu vimemhifadhi Grogan kwa jina lake kamili. Waliopanda mlima na mizigo yake wamebaki kuwa wapagazi.

Mwaka huohuo wa 1905 nyavu za jarife zilianza kutumika katika Ziwa Viktoria, upande wa Ghuba ya Winam, ambako Mto Sondu humwaga maji yote haya ya Kipsonoi na Itare. Ndani ya ziwa hilo kuna samaki aitwaye ningu, ambaye mvua zikianza huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Nyavu ziliwekwa midomoni mwa mito, zikawapata majike kabla hawajataga, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 ningu walikuwa wamepungua vibaya. Nimeufikiria mwaka ule mara nyingi tangu nirudi. Samaki mgeni alikuwa akipandishwa mlimani kwa taadhima, na huku chini mlango ulianza kufungwa mbele ya samaki mwenyewe wa nchi.

Mtu wa kwanza kujitolea kuniongoza alikuwa kijana mwenye pikipiki safi na simu iliyojaa picha. Alikuwa na adabu, na vifaa vyake vilikuwa bora kuliko vyangu. Alinionyesha samaki baada ya samaki, wamening'inizwa mmoja mmoja kwa mashavu, akaniahidi kwamba kufikia saa nne asubuhi nitakuwa nimepata wa kutosha. Nikamuuliza tutapita wapi kufika majini. Akasema, "Huko tunaingia tu." Nikamuuliza shamba ni la nani. Akacheka kidogo, akarudi kwenye picha. Nilizitazama tena zile picha. Hapakuwa na mto hata mmoja ndani yake. Kulikuwa na samaki na mkono. Naye hakuwa ameniuliza lolote: kama najua kurusha mshipi, kama naogopa maji, nimekula nini, nina kibali cha kuvua. Nilimshukuru, nikampa nauli ya kurudi kwao, tukaagana vizuri.

Aliyenisaidia kuelewa nilichokuwa nakitafuta ni mama mmoja anayeuza nguo sokoni Nyansiongo. Ujana wake aliumaliza Nairobi, katika karakana ya kufunga chambo cha manyoya. Wakenya wengi hawajui kwamba kazi hii ipo. Vyambo vinavyouzwa katika maduka ya wavuvi Ulaya na Marekani, vingi vimefungwa kwa mikono ya Wakenya, wengi wao wanawake. Kampuni ya Fulling Mill ya Uingereza, kwa mfano, ina kiwanda chake nchini. Mama huyu bado ana jiriwa yake ndogo. Aliibana pembeni mwa meza, akaweka ndoana isiyozidi punje ya mchele, akaizungushia uzi mweusi, akachukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo na kuushika kwa ncha. Akauzungusha mara chache tu. Kila alipozungusha, nyuzi za unyoya zilisimama pande zote, hadi ndoana ikatoweka na mdudu akatokea, ana miguu, karibu kuruka. Kidole chake cha shahada kilikuwa na mfereji mwembamba ngozini, alama ya uzi wa miaka yote ile.

"Hiki ni cha kuelea," alisema. "Hiki kingine kizito huzama. Sisi tulifunga kwa hesabu na kwa picha ya mzungu. Samaki mwenyewe sikuwahi kumwona akikila."

Nikamwambia natafuta mtu wa kunipeleka. Akafikiri, huku akikata uzi kwa wembe.

"Ukipata mtu, usimuulize habari ya samaki. Mwambie akuonyeshe samaki anakula nini. Kama hajui chakula chake, atakuwa anabahatisha na pesa zako."

Ndiye aliyenielekeza kwa mzee niliyekuja kwenda naye. Alikuwa mkulima wa chai, upara umefunikwa kofia ya sufu, buti za mpira zimeshonwa kiraka. Katika ujana alifanya kazi upande wa Kericho, katika shamba moja kubwa la chai, na siku za Jumapili aliwabebea mameneja nyavu na vikapu walipokwenda kuvua Itare. Kwa kubeba akajifunza. Mama yake mzazi alikuwa Mkipsigis aliyeolewa upande huu, kwa hiyo alilelewa katika lugha mbili, na nikagundua baadaye kwamba utaalamu wake wote ulisimama juu ya jambo hilo moja.

Nilifika kwake asubuhi. "Bwakire buya," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa njiani. "Mbuya mono," akajibu, akanipa kiti. Hatukuzungumza uvuvi mpaka chai ikaisha. Kisha akaanza kuuliza yeye. Nimevua wapi? Nina umri gani? Magoti yangu yana shida? Nikiambiwa tutoke majini, nitatoka? Akaomba kuona kibali changu cha uvuvi wa burudani, akakisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Ndipo akataja bei yake, ya kutwa nzima, chakula kikiwa juu yake, na bei ile haikubadilika mpaka tulipoachana.

"Samaki tutapata, mzee?" nilimuuliza.

"Mimi nitakupeleka mtoni. Samaki ana maneno yake."

Tulikubaliana kuondoka kesho yake, na kesho yake hatukuondoka. Usiku mvua ilikuwa imenyesha upande wa Mau. Nyansiongo kulikuwa kukavu na jua lilichomoza zuri, nami nilikuwa tayari na mzigo wangu. Mzee alikuja mpaka mlangoni kunieleza kwamba Kipsonoi imebadilika rangi. Alikuwa amempigia simu mtu wa Sotik. "Leo ni maji ya udongo. Ukirusha, unajifurahisha tu." Nikamwambia nitamlipa hata hivyo, tukatazame mto. Akakataa. Alikwenda kuchuma chai yake, nami nikabaki nikitazama mawingu yakijijenga upande wa ziwa, kama yafanyavyo karibu kila alasiri katika milima hii. Saa tisa mvua ya mawe ikapiga. Mabati yalilia kiasi kwamba watu wawili ndani ya chumba hawakusikizana, na ilipokwisha majani ya chai kando ya barabara yalikuwa yametobolewa. Mtu anayekataa pesa saa moja asubuhi kwa sababu ya rangi ya maji asiyoyaona, mimi ninamwamini.

Siku tuliyokwenda tulipitia Chepilat, soko lililokaa juu ya mpaka wenyewe, mtaa huu Nyamira, mtaa ule Bomet. Mama wa Kisii wanauza ndizi na parachichi, mama wa Kipsigis maziwa na viazi, na bei zinatajwa kwa Kiswahili. Mzee alishuka kwenye gari akatembea polepole. Alisalimia kwa Ekegusii hatua kumi, kisha "Chamgei" hatua kumi nyingine, na kote aliulizwa habari za watoto wake kwa majina. Mimi nilifuata nyuma na ufito wangu mgongoni, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, maana nilikuwa na yeye.

Salamu hizo zina gharama yake. Wazee wa hapa huanza hadithi mbali, kwenye vita vya Osaosao mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Wakisii na Wakipsigis waliuana kwa wingi, kisha huzungumzia mapigano ya miaka ya 1990, kisha hunyamaza kidogo kabla ya kufika mwanzoni mwa mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mpaka huu uliwaka. Nyumba na maduka yalichomwa, watu wakafa pande zote mbili, na Chepilat ikateketea. Mzee hakunisimulia aliyoyaona. Alinisimulia habari ya ng'ombe wake. Wiki ile ya kwanza, rafiki yake wa ng'ambo, ambaye walivua pamoja tangu ujana, alivuka usiku akawachukua ng'ombe wawili wa mzee, akawachanganya na wa kwake ili wasionekane kuwa wa Mkisii. Amani iliporudi aliwaleta mwenyewe, mchana, kupitia Chepilat hiyohiyo, watu wakiwatazama. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amezaa.

"Ndama yule ni wa nani kwa sheria?" mzee aliniuliza, akitabasamu. "Alizaliwa kwake, akala nyasi yake. Lakini alimleta."

Kwa rafiki huyo ndiko tulikoelekea, kwa sababu shamba lake linateremka hadi Kipsonoi. Tulikaa tena, maana hakuna kuvuka shamba la mtu bila kukaa. Tuliletewa mursik katika kibuyu kirefu, maziwa yaliyoganda yenye madoa ya mkaa uliosuguliwa ndani, makali kidogo mwisho wa ulimi, na ugali mweupe. Nimekula samaki wa kupaka maisha yangu yote na sikutarajia kuupenda mursik. Niliongezewa. Wazee wawili walizungumza kwa Kikipsigis kwa muda mrefu. Nilichokielewa ni mikono yao, iliyokuwa ikichora mto angani, hapa unakunja, hapa kuna mwamba, hapa usimpeleke.

Majini mzee hakufungua hata mfuko wa chambo. Aliingia hadi magotini, akainama, akachukua jiwe la ukubwa wa sahani, akalipindua mbele ya macho yangu. Upande wa chini ulikuwa hai. Palikuwa na mdudu bapa, amejibandika, mikia mitatu myembamba ikitikisika, na pembeni mwa tumbo mashavu madogo yakipepea yakitafuta hewa. Palikuwa na mwingine aliyejijengea nyumba ya chembe za mchanga, kichwa tu kikichungulia. Mzee aliwaelekeza kwa ukucha bila kuwagusa.

"Huyu wa mikia akiwepo, maji ni mazima. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, ondoka, huko juu kuna mtu anaoshea kitu." Kisha akalirudisha jiwe palepale alipolitoa, upande uleule juu, akalibonyeza likakaa.

Nilikumbuka maneno ya mama wa sokoni. Mzee alifungua mfuko wangu, akachagua chambo kimoja cheusi kizito, cha aina waiitayo Kenya Bug, sufu nyeusi na unyoya mweusi basi, akakilinganisha na mdudu wa chini ya jiwe. "Hiki. Hivi vyako vingine vya rangi ni vya dukani."

Sitasema mengi juu ya kurusha, maana hakuandikiki. Mzee alisimama nyuma yangu kushoto, akanishika kiwiko mara moja tu, na baada ya hapo alitumia sauti. "Ngoja. Ngoja. Sasa." Mshipi ulipokuwa nyuma yangu angani alitaka niuachie nafasi ya kunyooka kabla sijauleta mbele, na haraka yangu ya mtu wa bahari, aliyezoea kutupa chubwi kwa nguvu, ilikuwa ikiukatisha. Hakuchoka kusema. Hakuuchukua ufito kutoka mkononi mwangu anionyeshe yeye anavyojua. Nimeona waongozaji wengi wakifanya hivyo, baharini na kwingineko, na mgeni hubaki kuwa mtazamaji wa safari aliyoilipia.

Kipsonoi ilinipa samaki mmoja wa asili, mwenye magamba makubwa ya rangi ya shaba na masharubu mafupi, aina ambayo Waluo wa huku chini huiita fwani. Alivuta kwa hasira kuliko ukubwa wake. Mzee alilowesha mikono yake kwanza, kisha akamshika, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo, akamsubiri apate pumzi, akamwachia. "Trauti nitakuruhusu ule," alisema. "Huyu ni wa hapa. Huko chini ana taabu zake: nyavu, na ule ukuta wa umeme." Alimaanisha mradi wa Sondu-Miriu, wa megawati 60, unaochepusha maji ya mto kabla hayajafika ziwani.

Itare ni mto mwingine kabisa. Tulikwenda hadi karibu na ukingo wa msitu, ambako chai inakoma na miti mikubwa inaanza, na maji ni baridi kiasi kwamba mtu wa Shimoni huhisi mifupa ya miguu yake mmoja mmoja. Hapa milango ni ya mashamba makubwa, na langoni kuna askari. Nilidhani mzee angeomba kwa unyenyekevu. Alifika, akauliza hali ya mtoto wa askari aliyekuwa akiumwa, akaandika majina yetu daftarini kwa mwandiko mzuri, akaonyesha kibali changu, tukapita. Vijana wawili tuliowakuta nje ya lango walikuwa wamerudishwa. Nao walikuwa na mgeni, na mgeni alikuwa na vifaa vya thamani.

Trauti niliyempata hapo alikuwa mdogo lakini wa halali kwa kipimo. Ubavu wake ulikuwa na mstari wa waridi, na madoa meusi yalisambaa hadi mkiani. Usiku ule mke wa mzee alimkaanga kwa chumvi tu, na pembeni akaweka mboga ya chinsaga iliyolazwa na maziwa mpaka uchungu wake ukapoa, na obokima, ugali wa wimbi, mwekundu na mzito, ndani ya ekee, kikapu kilichosukwa kwa mabua ya wimbi. Mama hakumgusa samaki. Alisema amemlisha mumewe samaki miaka yote hiyo na yeye hajawahi kuonja, kwa kuwa kwao samaki alikuwa chakula cha watu wa ziwani, waliokuja kubadilishana na nafaka. Wajukuu walimmaliza, mifupa na yote.

Wajukuu hao ndio waliofungua mazungumzo marefu ya jioni ile. Mzee anawafundisha wawili, wa kiume na wa kike, na wa kike ndiye hodari. Lakini mto wanaorithi si ule aliorithi yeye. Mikaratusi imepandwa hadi majini, kwa sababu nguzo na kuni za viwanda vya chai zina soko, ingawa serikali imekuwa ikiwaambia wakulima waing'oe kandokando ya mito. Udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni huingia mtoni kila mvua ikinyesha. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140, na watu wa Kisii na Nyamira waliupokea kwa mikono miwili. Baadhi ya mabwawa bado yanatoa ngege wa kuuza. Moja nililopita karibu nalo lilikuwa limejaa nduma, zimestawi. Mzee hakulalamikia nduma. Alisema mwenye bwawa alikosa chakula cha samaki, akapanda kinachoota.

Nilimuuliza kwa nini asitengeneze kazi hii iwe kubwa, ajitangaze, achukue vijana. Aliniambia vijana anawachukua, lakini kitu cha kwanza anachowafundisha si mto. Huwatuma ng'ambo na maziwa, na barua ya msiba, na mwaliko wa harusi, mpaka wajulikane. "Mgeni akiteleza akavunjika mguu kule bondeni, atabebwa na nani? Mimi na wewe hatutoshi. Atabebwa na watu wa shamba lile. Kama hawakujui, watauliza maswali kwanza." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimezihesabu zile chai, zile salamu na vile viti kuwa adabu za wazee, zinazochelewesha uvuvi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe, na kurusha mshipi ni sehemu ndogo inayofanyika mwishoni.

Kabla hatujaachana nilimwomba tupange safari ya Gura, tuvue mto ule wa Grogan, nami nigharimie kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa, kama alivyokataa asubuhi ile ya maji ya udongo. Hajui mto ule na hawajui watu wake. Akanishauri nianzie Kiganjo, kwa wafanyakazi wa zamani wa kituo cha vifaranga, niwaulize wao nani ana jina jema vijijini, na niende Januari au Februari maji yakiwa chini. Aliongeza kwamba nijifunze maamkizi ya Kikuyu kabla ya kupanda gari. Nimeanza nayo wiki hii, kwa msaada wa muuza mitumba jirani yangu hapa Shimoni, ambaye kwao ni Othaya.